Lebo, distributa, SOCODA ao kuachia bure: msanii wa Goma apeleke wimbo wake wapi?

Mudogo wangu mwimbaji alinifikia jioni na kontra ya lebo, ndiyo kampuni ya kutoa nyimbo, kurasa 11, yote Kifaransa, ameikunja ndani ya koti juu mvua ya hapa Goma haipigi hodi, akaiweka ku meza ya plastiki akasema: "Yaya, banataka nisaini kesho asubui. Banatoa dola mia tano, mkononi." Dola mia tano Goma ya leo si mchezo, hiyo naelewa. Nikaagiza chai ya maziwa, nikatoa bic nyekundu, tukaanza kusoma, mimi pole pole, yeye mbio, mpaka ukurasa wa 4 penye nilisimama.

Iliandikwa hivi, mi naitia tu ku Swahili: msanii anaachia haki zote za nyimbo zake, kwa dunia nzima, kwa muda wote ambao sheria inalinda kazi, kwa njia zote zinazojulikana leo na zile zitakazovumbuliwa. Nikamuuliza, hiyo ni miaka ngapi? Akajibu, "Si itakuwa tano ao?" Hapana mwana. Sheria yetu ya haki za watunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 nyuma ya kifo chake. Mudogo yuko na miaka 23. Mungu akimupa kufika 73, hiyo ni miaka 50 ya kuishi na 50 ya kaburini, jumla mia. Dola mia tano gawa kwa miaka mia, ni dola tano kwa mwaka. Inite anazokula ku simu kwa wiki mbili zinapita hapo.

Sasa juu najua si yeye peke yake anabebaka hizo karatasi ndani ya koti, nimeona niandike hapa vile tulilinganisha ile usiku, njia kwa njia. Watu wengi wakilinganisha wanaangalia asilimia: huyu anatoa 20, yule 50, basi yule wa 50 njo muzuri. Mi naangalia kitu kingine kwanza: haki yako inarudi kwako lini, na kwa mlango gani? Asilimia 50 ya kitu hakitarudi kamwe inaweza kuwa mubaya kuliko asilimia 30 ya kitu kinarudi nyuma ya miaka mitano.

Kabla ya yote, ujue wimbo mmoja ni vitu viwili. Kuko utunzi, ndiyo maneno na melodi, na kuko masta, ndiyo ile rekodi yenyewe ilitoka studio. Ukiimba wimbo wako na gitaa ku baraza ya mama hapo hakuna masta, kuko utunzi tu. Lebo kawaida inataka masta, na ikiwa na njaa kabisa inataka vyote viwili. Taylor Swift wa Marekani mwaka 2019 masta za albamu zake sita za kwanza ziliuzwa kwa mtu hakumpenda, lebo yake ya zamani ndiyo iliuza, na hakuwa na la kufanya juu masta hazikuwa zake. Lakini utunzi ulikuwa wake, basi akarekodi upya, na kuanzia 2021 akatoa nne kati ya albamu zile, mashabiki wakahamia ku rekodi mpya, na Mei 2025 akanunua masta za zamani zikarudi nyumbani. Yule ako na makuta ya kununua, sawa. Lakini kama angeuza na utunzi, hata makuta yasingemusaidia. Na angalia vizuri, kontra nyingi zinakukataza kurekodi wimbo uleule upya kwa miaka kadhaa, ya mudogo ilisema hivyo ku ukurasa wa 6, kwa herufi ndogo sawa mayai ya sisimizi.

Tuanze na njia ya kuuza kabisa, unapewa makuta mara moja unaenda. Hii mi naijua na mwili wangu. Zamani niliwahi kutunga melodi ya tangazo kwa kampuni moja ya hapa, jina naliacha, wakanipa dola 60 na soda, bila karatasi yoyote. Kisha kwa miaka karibu mitatu kila pikipiki nilikuwa napanda pale Birere radio ilikuwa inaimba mambo yangu, mara na sauti ya mwanamuke, mara ya watoto, na mara moja motari mwenyewe akaanza kuiimba mi niko nyuma yake, nikaishia kucheka tu. Ningedai nini? Ushuhuda wangu ulikuwa ni soda.

Ila kuna mutu aliuza kwa bei ndogo kunipita. Solomon Linda, Mzulu, alirekodi "Mbube" mwaka 1939 ndani ya studio ya Gallo kule Johannesburg, haki akaziachia kwa shilingi 10. Wimbo ukaenda Marekani, ukageuzwa Kiingereza, dunia mzima inauimba mpaka leo, na 1994 Disney wakautia ndani ya filamu yao ya simba. Linda alikufa 1962 akiwa masikini. Mwaka 2004 familia yake wakapeleka Disney mahakamani, 2006 wakaelewana, familia wakaanza kupata haki yao. Mlango gani uliwafungulia? Ni sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911, ilisema mtunzi hata kama aliuza haki zake, miaka 25 nyuma ya kifo chake zinarudi kwa warithi. Yaani wakoloni wenyewe waliandika kifungu cha kurudisha, na hicho kifungu ndicho kiliokoa mabinti wa Linda. Tangu nijue hii habari, kila kontra naanzia mwisho, natafuta neno "kurudi".

Njia ya pili ni lebo na avansi, yaani makuta wanakutangulizia, ndiyo hii ya mudogo. Hapa hesabu inadanganya watu wengi, basi nitaenda pole pole. Wanakuambia: tunakupa asilimia 20 ya mapato, tunalipa studio dola 1,000 na klipi dola 1,500. Unasikia vizuri, unaona wamekupenda. Lakini kontra inasema hizo 2,500 zinarudishwa kwanza, na zinarudishwa kutoka ndani ya fungu LAKO, ile 20. Ili 20 kwa mia ifike 2,500, wimbo lazima uingize 12,500. Basi siku wimbo umeingiza dola 12,500, wewe haujagusa hata franga ya hayo mapato, na lebo imesharudisha 2,500 yake yote na imebaki na 10,000 juu yake. Na masta ni zao! Ukinunua nyumba kwa deni, ukimaliza deni nyumba ni yako. Huku unamaliza deni, nyumba inabaki ya mwenye kukukopesha. Mudogo aliposikia hivyo akaniambia rudia, nikarudia, akaomba kalkuleta ya simu akapiga mwenyewe.

Halafu ukurasa wa 7, lebo inachukua 30 kwa mia ya kashe, ndiyo malipo yako ya kuimba, kila konseti. Hiyo wanaiita kontra ya 360, juu inakuzunguka pande zote. Kwa mtu wa Paris labda hiyo si jambo kubwa, lakini kwa msanii wa Goma mi naona hiki kifungu ni kibaya kuliko kile cha masta, juu hapa wimbo wenyewe hauleti kitu, kashe ndiyo inaleta. Harusi, uzinduzi wa duka, kanisa, Festival Amani yenye ilianzia pale Collège Mwanga 2014, huko ndiko mtu anatoa sukari na mkaa. Ukikatwa 30 ya hapo na lebo haikukutafutia hata konseti moja, umeajiriwa bila mshahara. Ukurasa wa 9 nao, jina lake la jukwaani linaandikishwa kwa jina la lebo. Akitoka, jina linabaki. Hapo hata mama yetu, alikuwa anapita na sahani, alisimama akauliza "jina lake gani tena?"

Nisiwe mkali bure. Kuna lebo zinafanya kazi kweli: zinajua mapromota, ziko na watu ku radio, zinapeleka wimbo Kinshasa na Nairobi, na mtu anaimba vizuri lakini hawezi kuandika hata barua pepe anahitaji mtu. Shida ni kwamba ukipanda juu, lebo kubwa za dunia zimebaki tatu tu, Universal, Sony na Warner, na lebo ndogo ya hapa mara nyingi ndoto yake ni kuuza katalogi kwa moja ya hizo. Basi usiangalie tu tabia ya huyu produsa anakununulia brochette leo, uliza akiuza kampuni kesho, karatasi yako inaenda mkono wa nani.

Njia ya tatu ni distributa ya ku intaneti, unapandisha mwenyewe wimbo Spotify, Apple Music, Boomplay, na masta zinabaki zako. Hapa tulilinganisha mbili. DistroKid inakulipisha kila mwaka, dola ishirini na kitu, unapandisha nyimbo nyingi unavyotaka na haikati asilimia ya streaming, ndiyo watu kusikiliza wimbo ku intaneti. CD Baby unalipa mara moja kwa kila wimbo ao albamu, kisha inakata 9 kwa mia ya mapato. Kwa haraka haraka, kama nyimbo zako zote pamoja haziingizi hata dola 250 kwa mwaka, hiyo 9 kwa mia ni nafuu, juu 9 ya 250 ni dola 22 na nusu. Lakini kama unatoa singo kila mwezi, ada ya kila wimbo itakumaliza, chukua ya mwaka. Ujue tu, ya mwaka ukikosa kulipa nyimbo zinaweza kushushwa, isipokuwa ulilipa ile nyongeza ya kuziacha zibaki. Mtu wa Goma anajua maana ya kukosa kulipa mwaka mmoja, hakuna mtu anajua mwaka kesho atakuwa mji gani.

Na usidanganywe na neno "uhuru". Tangu 2024 Spotify wimbo haujafikisha streaming 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu, yale makuta yanaenda kwa nyimbo zimepita hapo. Yaani kampuni imebadilisha sheria ya mchezo bila kuuliza mtu, na hauna meza ya kugonga. Pia kulipwa kwenyewe: distributa anatuma ku benki ao ku pochi za intaneti, na hapa benki zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, tangu hapo maisha ni ya M-Pesa na Airtel Money. Basi unatafuta ndugu wa Kampala ao Nairobi akupokelee, naye atakata yake. Ile "asilimia mia ni yako" wanatangaza, ikifika Katindo hapa Goma iko 85.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, ku distributa mlango wa kutokea uko wazi. Ukichoka unashusha nyimbo, unahama, hakuna mtu anakushika koti. Ndiyo maana kwa msanii anaanza mi naiweka mbele ya lebo hata kama makuta ni machache.

Ya nne watu wanaichanganya na hizo zingine: SOCODA. Hii si lebo wala distributa, ni shirika la wasanii la kukusanya haki, lilizaliwa 2011 kuchukua nafasi ya SONECA ya mwaka 1969, na makao yake ni Kinshasa. Kazi yake ni makuta ya wale wanatumia muziki wako mbele ya watu: radio, televisheni, hoteli, nganda za bia, konseti. Hiyo haki hata ukiwa na distributa haikusanyiki yenyewe. Wafaransa waliielewa mapema. Mwaka 1847 kule Paris watunzi watatu walikaa ndani ya kafe wakakunywa, bendi ikawa inapiga nyimbo zao, ikaja bili wakakataa kulipa: nyinyi hamtulipi muziki, sisi hatuwalipi vinywaji. Wakaenda mpaka mahakamani wakashinda, na 1851 ikazaliwa SACEM, shirika lao la kukusanya haki. Hebu jaribu hiyo mchezo ku nganda ya Ndosho uone kama utatoka na viatu.

SOCODA ao SACEM sasa? Wasanii wetu wengi wakubwa walijiandikisha Ufaransa, ao Ubelgiji kwa shirika la huko, SABAM, juu wimbo wao ulikuwa unapigwa huko na makuta yalikuwa yanatoka huko. Hiyo ndiyo hesabu: jiandikishe penye nyimbo zako zinapigwa. Wimbo wako unapigwa Goma, Bukavu na Uvira peke yake, SACEM itakukusanyia nini? Upande mwingine, Goma kwenda Kinshasa kufuata fungu lako, nauli inaweza kupita fungu. Maoni yangu, jiandikishe SOCODA angalau utunzi wako uwe na tarehe na jina mahali, hata kama makuta yatachelewa, juu siku mutu akikuibia hiyo karatasi inaongea. Mi ningekuwa nayo ile wakati ya tangazo.

Kuachia bure nako ni njia, usicheke. Leseni za Creative Commons ziko tangu 2002, unaandika tu wimbo huu uko chini ya leseni fulani: mtu aweza kuusambaza, lazima ataje jina langu, na ukitaka unaongeza "si kwa biashara". Tuseme ukweli, hapa kwetu wimbo unatembea na Bluetooth, WhatsApp na flash za vijana wanajaza nyimbo ku simu pale barabarani. Unachoachia ni kitu kilishaachiwa zamani, tofauti ni kwamba jina lako linatembea nacho na kama uliongeza "si kwa biashara", kampuni ikiutumia ku tangazo bila kukuuliza uko na neno la kumwambia. Ubaya wake, ukishaachia haurudishi, leseni haifutiki kwa nakala zilizokwisha kutoka. Na mashirika ya kukusanya haki mara nyingi yanataka umukabidhie nyimbo zako zote, basi CC na SACEM vinaweza kugongana, uliza kabla. Kwa wimbo wa kukutambulisha, sawa. Kwa ule unahisi ndani ya tumbo kwamba ndiyo wenyewe, subiri.

Sasa tukirudi ku mlango. Nchi zingine zimeandika kurudi ndani ya sheria, na si sawasawa. Marekani, sheria ya 1976 inampa mtunzi haki ya kuvunja kontra nyuma ya miaka 35, kwa kontra za kuanzia 1978, lakini lazima uandike barua mapema, si chini ya miaka miwili mbele, na kama kontra ilisema ulikuwa mfanyakazi wa kuajiriwa basi unaweza kukosa yote, ndiyo maana kampuni zinapenda kuandika hivyo. Miaka 35 ni mingi, ila ni mwisho. Ulaya, agizo lao la 2019 linakwenda njia ingine: kampuni ikichukua kazi yako ikaiacha kabatini, unaweza kuidai irudi, na kama kazi imelipuka ikaleta makuta mengi sana kuliko ulicholipwa, unaweza kudai nyongeza. Mi naipenda hiyo ya kabatini kupita ya Marekani, juu kifo cha wasanii wa hapa mara nyingi si kuibiwa, ni kulazwa: produsa anasaini watoto kumi, anatoa mmoja, tisa wanakaa wakiwa wamefungwa. Afrika Kusini, muswada wao bunge lilipitisha 2024 unataka kuuza haki za muziki kusipite miaka 25, raisi akaupeleka ku Mahakama ya Katiba. Wakati huohuo Marekani 1998 walirefusha ulinzi mpaka miaka 70 nyuma ya kifo, kampuni kubwa zikapiga makofi, na watu wakasema ni kwa ajili ya watunzi. Miaka 20 zaidi ya nani? Kama Linda alishauza kwa shilingi 10, hata uongeze miaka mia, unamuongezea mnunuzi.

Na hapa Kongo? Jina lako haliuziki, haki ya kutajwa mtunzi inabaki yako hata uuze mengine yote, hiyo sheria ya 1986 inakupa. Lakini kuhusu kurudi, usingoje mbunge. Andika wewe mwenyewe ndani ya kontra.

Njo tulifanya ile usiku. Na bic nyekundu tulikata ukurasa wa 4, tukaandika pembeni: miaka mitano, kisha masta na utunzi vinarudi bila kuomba. Chini yake: wimbo usipotolewa ndani ya miezi 12, unarudi. "Njia zitakazovumbuliwa" tulifuta kabisa, juu zamani wasanii wengi hawakujua streaming itakuja na hayo maneno yakaimeza, leo yatameza na hizi mashine za AI zinazojifunza sauti za watu. Ukurasa wa 7, lebo ipate 15 ya kashe na iwe kwa konseti ilizoleta yenyewe tu. Ukurasa wa 9, jina ni la mama yake, tuliandika hivyo hivyo, mudogo alisisitiza.

Asubui hakusaini. Alirudisha kontra na mistari yetu, produsa wa lebo akaisoma amesimama, akacheka kidogo, akasema ataulizia avoka wake, mwanasheria. Wiki tatu sasa. Singo tumepandisha wenyewe na distributa ya 9 kwa mia, juzi alinionesha simu: streaming 641, imebaki 359 ianze kulipa. Asubui hii kanitumia sauti ya WhatsApp, nyuma inasikika mvua ku mabati, produsa amempigia. Avoka anakubali miaka mitano, ila anataka aanze kuhesabu tangu siku wimbo utatoka, na haandiki utatoka lini. Nimemwambia apite jioni na ile bic.